Majibu Hayarudi kwa Zamu



Awali ya yote nawashukuru walimu wangu na kamati ya jarida kwa kunipa kurasa hizi. Nilipoombwa kuandika habari za kompyuta kwa ajili ya wadogo zangu wa madrasa, nilidhani nitaeleza namna ya kuandika barua au kutengeneza jedwali la alama za mtihani. Lakini hayo siku hizi hata mtoto wa darasa la tano anayajua kwenye simu ya baba yake. Nimeona bora niwasimulie kosa nililolifanya mimi mwenyewe huku kwetu Mara, kosa la mistari miwili tu ya programu, ambalo lilimpeleka mtu njia isiyo yake.

Wadogo zangu pengine hamjui kwamba miaka kumi na zaidi iliyopita, ukifungua ramani ya wilaya za Tarime na Serengeti kwenye mtandao, uliona barabara ya kwenda Sirari, uliona mto Mara na mpaka wa hifadhi, na baada ya hapo weupe mtupu. Vijiji vyenye shule na minada havikuwapo. Iko ramani iitwayo OpenStreetMap, iliyoanzishwa Uingereza mwaka 2004 na Steve Coast, ambayo mtu yeyote anaruhusiwa kuichora na kuisahihisha. Mwaka 2015 Janet Chapman alianzisha mradi wa Crowd2Map Tanzania, ukawakusanya watu wa kujitolea: walio ng'ambo wachore nyumba na njia kutoka kwenye picha za satelaiti, na walio hapa nchini waweke majina, kwa sababu satelaiti huona bati la nyumba lakini haioni jina la mahali.

Sababu kubwa ya kuihimiza kazi hiyo mkoani kwetu ni ukeketaji. Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya mwaka 1998 imefanya kumkeketa msichana aliye chini ya miaka 18 kuwa kosa la jinai. Hata hivyo msimu unapofika, hasa likizo ya Desemba, wako wasichana wanaokimbia makwao. Tarime kuna kituo cha Masanga kinachowapokea, na Mugumu kuna nyumba salama ya shirika la Hope for Girls and Women, alilolianzisha Rhobi Samwelly mwaka 2017. Sasa fikiria simu inaingia usiku, na anayepiga anataja jina la kitongoji tu, kisha sauti inakatika. Dereva ataelekea wapi?

Mimi sikuwa mtu wa mashirika hayo. Nilikuwa kijana niliyemaliza chuo nikarudi nyumbani Tarime kusubiri ajira, na kwa kuwa kukaa bure ni kazi ngumu, Jumamosi nikawa nakutana na vijana wenzangu tuliokuwa tukichora ramani kwa kujitolea. Tulitumia JOSM, programu ya kompyuta ya mezani iliyoandikwa kwa lugha ya Java. Mwaka 2019 tukapata orodha ya vitongoji 140 iliyokusanywa kata kwa kata, tukataka kujua vipi vimekwisha wekwa kwenye ramani na viko wapi, na vipi bado. Kuvitafuta kimoja kimoja kwa mkono kungetumaliza wiki nzima. Nikajitia kifua mbele, nikasema nitatengeneza programu.

Kazi yake ilikuwa nyepesi kuieleza. Dirisha moja lenye jedwali. Safu ya kwanza jina la kitongoji, ya pili kata, ya tatu na ya nne namba mbili zinazoonyesha mahali, yaani latitudo na longitudo. Ukibonyeza kitufe, programu inaiuliza huduma ya wavuti iitwayo Overpass: je, jina hili limo kwenye ramani, na kama limo liko wapi? Huduma ya wavuti, kwa msiojua, ni kompyuta iliyo mbali inayopokea swali lililoandikwa kwa utaratibu wake na kurudisha jibu, mfano wa karani aliye nyuma ya kidirisha. Humwoni sura, wala hakai na wewe mazungumzo. Unapitisha karatasi, unangoja.

Programu yangu ya kwanza ilipitisha karatasi moja, ikangoja, ikapata jibu, ndipo ikapitisha ya pili. Nilipobonyeza kitufe dirisha likaganda, au kama vijana wasemavyo, likastaki. Huwezi kulisogeza, huwezi kulifunga. Kwa intaneti yetu ya modemu wakati ule, swali moja lilichukua sekunde nne, mara nyingine kumi. Maswali 140 yakawa karibu robo saa ya dirisha lililokufa. Rafiki yangu aliyekuwa akiangalia alidhani kompyuta imeharibika, akaizima kabisa. Sikumlaumu.

Chanzo ni hiki. Ndani ya programu yenye dirisha kuna uzi mmoja wa kazi unaoshughulikia dirisha: unachora herufi, unasikiliza kibonyezo, unapokea kila herufi unayochapa. Ukiuambia uzi huo huo usimame mlangoni kwa karani na kungoja, hakuna anayebaki ndani kufungua mlango mgeni akibisha. Tazameni akina mama zetu. Mama ana watoto watatu, mmoja anamtuma kisimani, wa pili dukani, wa tatu mashine ya kusaga. Hasimami uani kumngojea wa kwanza arudi ndipo amtume wa pili. Anawatuma wote, kisha anawasha moto na kuendelea na kazi zake, na kila mtoto arudipo anapokea alicholeta. Haya ndiyo ninayoyaita maombi yasiyosubiriana. Lugha ya Java ilikuwa na njia za kufanya hivyo tangu zamani, na toleo lake la 11, lililotoka mwaka 2018, lilileta kifaa cha kutuma maombi ya wavuti kwa namna hiyo bila taabu kubwa.

Nikaandika upya usiku mmoja. Maswali yote yakatumwa kwa mpigo, dirisha likabaki hai, na majibu yakawa yanaingia kwenye jedwali moja baada ya jingine, mstari unajaa, mwingine unajaa. Nilijaribu kwanza kwa majina matano. Yote sawa! Nikamwita mama aje aone. Akatazama, akauliza kama hiyo italeta umeme nyumbani, akarudi kulala.

Kesho yake nikaweka majina 140. Hapo kwanza nikakutana na adabu ya watu wa mtandao. Overpass ni huduma ya bure inayotumiwa na dunia nzima, na kila mteja hupewa nafasi chache za kuuliza kwa wakati mmoja. Ukizidisha unarudishiwa namba 429, maana yake umeomba kupita kiasi. Maswali yangu mengi yakarudi na 429. Nikaona ni jambo dogo. Nikaongeza mistari ya kuuliza tena kwa yale yaliyokataliwa, jedwali likajaa karibu lote, nikachapisha karatasi na kuwagawia wenzangu.

Jumamosi iliyofuata, mwezi wa Oktoba, mwenzetu mmoja alikuwa Mugumu. Kazi yake ilikuwa kwenda kuhakikisha kitongoji kimoja kilicho upande wa Machochwe: jina liandikwe sawasawa, zahanati ya karibu iwekwe, njia ya mvua na ya kiangazi zitofautishwe. Akaingiza kwenye simu namba mbili zilizokuwa mbele ya jina lile kwenye karatasi yangu, akakodi pikipiki, wakaondoka. Namba zikawapeleka upande wa Nata. Mnaoijua Serengeti mnajua kwamba hizo ni pande mbili zisizokutana. Walipofika wakauliza kitongoji chetu, wenyeji wakawashangaa. Mafuta yamekwisha, jua limekuwa kali, na dereva wa bodaboda, mtu mzima mwenye mvi, akaomba apigiwe simu huyo aliyetengeneza karatasi.

Nikapokea. Hakufoka. Alisema, "Mura, leo ni mchana na huyu ni mwanamume mzima, tutarudi tu. Hiyo karatasi yako ndiyo mtatupa na Desemba?"

Sikuwa na la kumjibu.

Nikakaa na karatasi ile. Jambo lililonitisha ni kwamba haikuonekana mbovu. Longitudo za maeneo yetu zinaanza na 34 na latitudo nyingi zinaanza na 1 kusini mwa ikweta, kwa hiyo ukizitazama zinafanana kama ndugu wa tumbo moja. Hakuna jicho linaloweza kusema hii si ya hapa. Ingekuwa programu imeacha nafasi tupu, mtu angeuliza. Lakini palikuwa na jibu, tena jibu la kweli kabisa, ila lilikuwa jibu la swali jingine.

Kosa lilikuwa mistari miwili. Katika programu ya kwanza, iliyouliza moja moja, jibu la kwanza lilikuwa la swali la kwanza na la pili ni la pili, hapana njia nyingine. Kwa hiyo niliandika: jibu linalofika liweke kwenye mstari unaofuata ulio mtupu. Nilipobadilisha namna ya kutuma sikuibadilisha mistari hiyo. Kumbe majibu hayarudi kwa zamu. Jina moja linapatikana upesi, jingine karani analitafuta sana. Ombi moja linapita, jingine linapotea njiani kwa sababu modemu imekosa mawimbi. Na lile lililokataliwa kwa 429 linaulizwa tena mwisho, baada ya wenzake wote. Ombi moja tu likikwama, walio nyuma yake wote wanapanda nafasi moja. Na majaribio yangu ya majina matano? Yale yalirudi kwa mpangilio kwa bahati tu, kwa kuwa yalikuwa machache na usiku ule mtandao ulikuwa mzuri. Jaribio lililofaulu ndilo lililonidanganya.

Nilimweleza mama, si kwa sababu anajua kompyuta, bali kwa sababu aliniona sili. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akacheka.

"Mwanangu, wewe umepeleka udaga mashineni bila alama?"

Nilikuwa nimepelekwa mashine ya kusaga maisha yangu yote. Kila ndoo ina kitambaa chake, au kamba, au jina limeandikwa kwa mkaa. Huyu ana udaga, huyu mahindi, huyu mtama wa uji wa mzazi. Mwenye mashine hafuati nani alitangulia. Akimaliza mahindi yote ndipo anasaga mtama, asichanganye unga. Wewe unaweza kufika wa kwanza na kuondoka wa mwisho. Lakini hakuna anayebeba unga wa mwenziwe, kwa sababu alama haitoki kwenye ndoo tangu inapoondoka nyumbani mpaka inaporudi.

Cha kuchekesha zaidi, jambo hilo lilikuwa mbele ya macho yangu kila Jumamosi. JOSM inapofungua picha ya satelaiti haiombi picha moja kubwa. Inaomba vipande vidogo vya mraba, kwa kawaida vya nukta 256 kwa 256, vingi kwa wakati mmoja, navyo huja ovyo: kona ya juu, kisha katikati, kisha chini. Unaona skrini ikijaa kama kanga yenye viraka. Lakini hakuna hata siku moja kilima kikakaa mahali pa mto, kwa maana kila kipande huombwa kwa namba tatu, kiwango cha ukaribu, safu na mstari, na kipande kikija kinawekwa kwa namba zake, si kwa wakati kilipofika. Nimekitazama kitu hicho mwaka mzima nisikione.

Basi nikaandika mara ya tatu, taratibu. Kila swali likapewa kadi yake kabla ya kuondoka, na kwenye kadi kuna namba ya mstari, jina, kata na saa ya kutumwa. Jibu likirudi halitazami ni nani aliyelitangulia. Linatazama kadi yake tu na kwenda mstari wake. Nikaweka foleni: maswali yanatoka mawili mawili, mawili yakirudi ndipo mengine mawili yanatoka, na karani hakunirudishia tena 429 ila mara chache. Ikija, programu inangoja kidogo kabla ya kuuliza, na ikija tena inangoja zaidi. Swali lisilojibiwa ndani ya sekunde 60 linahesabiwa kuwa limekwama. Majibu hayaandikwi kwenye jedwali na nyuzi zilizoyapokea, yanakabidhiwa kwa ule uzi wa dirisha uandike wenyewe, maana mikono mingi ikiandika daftari moja kwa wakati mmoja hutoka machapwi. Na mtu akibonyeza kufuta, kadi zote zilizo njiani hubatilishwa, ili jibu la orodha ya zamani lisije likatua kwenye orodha mpya.

Jambo nililolifikiria kwa muda mrefu kuliko yote ni mstari usio na jibu. Mwanzoni niliuacha mtupu. Lakini utupu una maana tatu: hatujauliza, tumeuliza na karani amesema jina halimo, au tumeuliza na mtandao umekatika. Haya ni mambo matatu mbalimbali. La pili linatuambia tupande pikipiki twende tukakiweke kitongoji hicho kwenye ramani. La tatu linatuambia tungoje mtandao. Nikaipa kila hali neno lake kwenye safu ya tano, na nikakataza programu kuchapisha karatasi iwapo kuna hata mstari mmoja ambao hali yake haijajulikana.

Niseme na kuhusu kuuliza tena. Kuuliza swali mara mbili hakudhuru, ni kumchosha karani tu. Lakini kutuma kazi ni jambo jingine. Ukiwa umechora nyumba hamsini na kuzituma, kisha mtandao ukakatika kabla jibu halijafika, hujui kama zimepokelewa. Ukizituma tena huenda ramani ikawa na nyumba mia, kila moja imelaliwa na pacha wake. Nimeziona kwenye ramani za vijiji vyetu, na baadhi, Mungu anisamehe, ni zangu. Hapo dawa ni kwanza kupakua upya na kutazama kilichopo.

Halafu kulikuwa na ng'. Ndugu zangu mnaoandika majina ya kwetu mnajua: Ring'wani, Gorong'a. Kile kialama kidogo cha juu, kwa kompyuta nyingi, ni alama ya kufungua au kufunga maneno. Kwenye faili moja la orodha yetu kilikuwa kimeandikwa kwa namna iliyonyooka, kwenye jingine kwa namna iliyopinda, na kwa kompyuta hizo ni herufi mbili tofauti. Swali la jina lenye ng' lilirudi halimo hali limo. Mimi Mkurya mzima nikashindwa na ng'! Nikafanya programu iulize kwa namna zote, na bila kialama pia, kisha iniletee niamue mwenyewe.

Nilipokuwa nafanya haya nilikumbuka chuoni kwetu baada ya magharibi. Watoto thelathini juu ya mkeka, kila mmoja anasoma mahali pake kwa sauti, huyu yuko Juzuu Amma, huyu yuko Yasin, huyu bado anaunganisha herufi. Mgeni akiingia anasikia kelele. Ustadhi amefumba macho, na ghafla anamsahihisha mmoja aliye kona ya nyuma, kwa jina lake na kwa neno alilokosea. Nilikuwa nikidhani ana masikio mengi. Sasa nadhani alikuwa anajua kila mtoto amemwacha wapi jana.

Karatasi mpya ilitoka katikati ya Novemba. Kati ya vitongoji 140, vilivyopatikana mahali pake vilikuwa 81, na vingine vyote vikaandikwa halimo. Wale wa karatasi ya kwanza niliwafuata mmoja mmoja nikaichukua, nikaichoma. Kisha tukagawana vile vilivyobaki. Mimi nilipewa tisa upande wa Tarime, na kwenye viwili vya karibu na Sirari simu ilikamata mtandao wa Kenya ikanila salio lote kabla sijatuma kitu. Kwa wenyeviti wa vitongoji nilikwenda na daftari. Nilimwomba kila mmoja aandike jina la mahali pake kwa mkono wake mwenyewe, pamoja na majina mengine ambayo watu hupaita, kwa kuwa msichana anayepiga simu usiku hasomi orodha ya kata, anataja jina alilolisikia kwa bibi yake.

Yule mzee wa pikipiki wa Mugumu alipewa karatasi mpya na mwenzetu. Akaambiwa iko sawa. Akachagua mistari mitatu ya vitongoji anavyovijua, akamwomba aingize namba zake kwenye simu pale pale kijiweni, akatazama zinaelekea wapi. Ya kwanza sawa, ya pili sawa, ya tatu sawa. Ndipo akaikunja, akaitia mfukoni mwa koti.